Orodha Iliyorefuka

Kila asubuhi, kabla gogo la shule halijapigwa, Taraivini alikuwa ameshafika. Aliacha ndala mlangoni, akachukua ufagio wa njukuti, akafagia ofisi ya Mwalimu Unaisi tangu kona ya kabati hadi kizingitini. Mchanga haukuisha. Kijiji cha Navutoka kimekaa ufukweni mwa kisiwa cha Koro, na huko mchanga huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Akishafagia, alifunua kitambaa kilichofunika kompyuta, akaipangusa skrini polepole kama anavyopanguswa uso mtoto aliyelala, kisha akaifunika tena. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la saba. Ufunguo wa ofisi aliuvaa shingoni kwa uzi, na katika shule nzima hakuna mwanafunzi mwingine aliyepewa heshima hiyo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa hiyo hiyo moja. Umeme wake ulitoka kwenye paneli za jua juu ya paa, na ikifika saa tisa alasiri betri huwa imechoka, kila kitu kinazimwa. Mtandao haukuwapo tangu kimbunga kilipong'oa dishi. Mwenye haja ya kupiga simu alipanda kilima nyuma ya kanisa, akasimama penye jiwe kubwa, akageukia baharini.

Lakini ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na hazina. Babu Apisai, babu yake Taraivini, ndiye mtunzi wa kijiji wa meke, yaani nyimbo za ngoma. Ngoma zote zilizochezwa Navutoka, za kuketi na za kusimama, za mikuki na za vipepeo, maneno yake yalitoka kinywani mwake. Mwaka uliopita Mwalimu Unaisi alimketisha mbele ya mashine, akamrekodi nyimbo ishirini na tatu. Miongoni mwazo ulikuwamo mmoja ambao Babu alisahau ubeti, akacheka mwenyewe hadi akakohoa, halafu akauanza upya.

Ni heri alimrekodi. Miezi miwili iliyopita Babu Apisai alipatwa na kiharusi, akapelekwa hospitali mjini Suva. Mkono wake wa kulia ukaanza kuamka kidogo kidogo. Ulimi haukuamka. Mzee aliyekuwa akiimba tangu jua linapochomoza sasa alilala akitazama dari, na akitaka maji alipiga kitanda kwa kidole.

Jumanne, saa ya mapumziko, Mama Kelera, mama yake Taraivini, aliteremka kutoka kilimani akihema.

"Mwalimu," alisema, "nimezungumza na muuguzi. Anasema wako wagonjwa ambao maneno yamewakataa lakini wimbo unawakubali. Anaomba tumpelekee mzee sauti yake mwenyewe aisikilize. Naondoka na meli ya keshokutwa."

"Hilo tu?" Mwalimu Unaisi akatabasamu. "Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Keti, mama. Taraivini, nipe flashi iliyo kwenye droo."

Mwalimu akachomeka flashi. Akafungua folda la nyimbo, akaweka mshale wa kipanya juu ya wimbo wa kwanza, akabofya kitufe cha kulia ili orodha ifunguke achague neno la kunakili. Orodha haikufunguka. Mshale uligeuka kiduara, kiduara kikazunguka, na kuzunguka, na kuzunguka.

Taraivini, aliyesimama nyuma ya kiti, alirudi hatua moja.

Mwalimu akabofya tena. Kimya. Akabofya mara tatu kwa haraka, kama mtu anayegonga mlango wa mwenzake aliyelala. Ghafla orodha ikaanguka skrini nzima, ndefu kuliko walivyowahi kuiona, ikapita hata ukingo wa chini: bana faili hili, geuza picha hii, cheza kwa chombo hiki, safisha mashine, chana faili lisirudi tena. Ile mibofyo ya haraka iliyokuwa imekwama ikashuka yote kwa pamoja juu ya mstari ule wa mwisho. Swali likatokea kwenye skrini, likapotea kabla hawajalisoma. Orodha ikajifunga.

"Kumetokea nini?" aliuliza Mama Kelera.

Mwalimu Unaisi aliisogelea skrini. Alihesabu mafaili kwa ncha ya kalamu, akarudia kuhesabu.

"Ziko ishirini na mbili," alisema. "Umeondoka ule ambao Babu alicheka."

Waliutafuta kila mahali, hata kwenye pipa la takataka la kompyuta. Haukuwamo. Mwalimu akajaribu kulivuta folda zima kwa kipanya hadi kwenye flashi, dirisha likaganda. Vitufe vya kibodi ambavyo huweza kunakili bila kipanya vilikuwa vimeliwa na chumvi ya bahari tangu zamani. Basi akaondoa mkono, akauweka mapajani, akakaa hivyo. Hakuthubutu kugusa kitu tena, maana kila mbofyo ungeweza kuondoka na wimbo mwingine.

Taraivini alijua orodha ile imerefukaje.

Ilikuwa likizo. Semi, mtoto wa shangazi yake, alirudi kutoka Suva na flashi aliyopewa na kaka yake. Taraivini na Semi walikuwa watani, kama walivyo watoto wa kaka na dada huko kwao, na utani wao haukuwa na kikomo.

"Fungua mlango, wewe binti wa mjomba," Semi alimwambia siku ile. "Au unaogopa mashine? Mtu mzima mwenye miguu ya ndege, anaogopa kisanduku!"

"Miguu yangu ya ndege ndiyo iliyokushinda mbio," Taraivini alimjibu. Lakini alifungua.

Flashi ile ilijaa programu. Moja ya kurembesha picha, moja ya kubana mafaili, ya muziki, ya kusafisha mashine, na mchezo wa magari. Kila waliyoiweka iliuliza kwa upole: tafadhali, turuhusu tujiweke kwenye orodha yako? Sasa, Navutoka mtu akikuomba kwa adabu humkatalii. Jirani akija mlangoni akasema "kerekere, dada, naomba mkeka," utakunja mkeka ulioukalia umpe. Taraivini alilelewa hivyo. Aliona neno tafadhali, akabofya ndiyo. Akaulizwa tena, akabofya ndiyo. Hata Semi alishangaa.

"Wewe unakubali tu?"

"Imeomba vizuri," alisema Taraivini.

Walipokuwa katikati ya mashindano ya magari, sauti ya Mwalimu ikasikika nje. Taraivini akalikamata folda la mchezo, akalitupa kwenye pipa, akamwaga pipa. Picha ya gari ikatoweka. Akafunika kitambaa, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakusema, na Semi naye hakusema.

Jumatano walipanda kilimani watatu, Mwalimu na daftari, Mama Kelera na simu, Taraivini nyuma yao. Walimpigia Mjomba Ilaitia, kaka yake Mama, anayetengeneza kompyuta Suva. Mama aliweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Nisikilizeni," alisema Mjomba, upepo ukimkatakata maneno. "Kila mstari kwenye orodha hiyo una mwenyewe. Mstari uliwekwa na programu fulani. Msishindane na mstari, mtoeni mwenyewe, naye ataondoka na mstari wake. Niambieni kwanza, nani aliweka vitu humo?"

Mwalimu Unaisi akageuka. "Taraivini, wewe ndiye mwenye ufunguo. Kuna mtu aliingia?"

Taraivini alitazama bahari. Ilikuwa shwari, haina la kumsaidia.

"Hapana, Mwalimu."

"Haya," Mjomba akasema, "basi tutakwenda kwa kupapasa." Akawaeleza wafungue wapi, mahali penye majina ya programu zote zilizomo, wachague ile wasiyoijua, waiambie mashine iiondoe. Mwalimu aliandika kila neno. Wakateremka.

Walifanya kama walivyoambiwa. Ya picha ikaondoka, ya kubana ikaondoka, ya muziki na ya kusafisha zikafuata. Ile ya kusafisha ndiyo iliyokuwa na mstari wa kuchana mafaili, na Mwalimu alipoiona inatoweka alivuta pumzi. Akafungua folda jingine, lisilo na kitu cha thamani, akabofya kulia kujaribu.

Kiduara kikazunguka. Taraivini akahesabu moyoni hadi mia mbili. Orodha ilipofunguka ilikuwa fupi, lakini katikati yake ulibaki mstari mmoja, na kando yake kigari chekundu. Mwalimu alipousogelea, mashine ikaganda kabisa ikabidi izimwe. Kwenye majina ya programu hapakuwa na mchezo wowote wa magari.

Wakapanda kilima tena. Magoti ya Mwalimu yalikuwa yanalia, naye si kijana.

"Hapo pana neno," alisema Mjomba Ilaitia. "Mstari upo, mwenyewe hayupo. Kila mkibofya, mashine inakwenda kumtafuta, haimkuti, inakaa kumngoja. Kuna mchezo umefutwa kwa mkono, badala ya kuondolewa kwa taratibu yake. Mchezo gani? Umetoka wapi? Nikilijua hilo nitawasaidia sasa hivi."

Wakubwa wawili walitazamana. Hakuna aliyemtazama Taraivini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hawakumdhania.

"Mjomba," alisema kwa sauti nyembamba, "huwezi kuutoa huo mstari mwenyewe?"

"Naweza, mwanangu, nikiwa nimeishika mashine. Ni kule matumboni kabisa. Nikiwaelekeza kwa simu mkakosea herufi moja, haitawaka tena."

"Basi niibebe kompyuta niende nayo," akasema Mama Kelera.

"Mtihani wa darasa la nane ni Jumatatu," Mwalimu akajibu taratibu, "na karatasi zote zimo humo, bado sijazichapa. Nisamehe, mama. Siwezi."

"Na meli nyingine?"

"Baada ya wiki mbili."

Waliteremka mmoja nyuma ya mwingine. Jioni Taraivini alimenya muhogo, akajikata kidole, akaendelea kumenya. Baba yake Viliame, mtoto wa Babu Apisai, alirudi kutoka shambani akauliza, "Imewezekana?" Mama akatikisa kichwa. Baba akaketi, akavua kofia, akaitazama mikono yake iliyojaa udongo. Mikono ile iliweza kulima mlima mzima wa magimbi, lakini kwa kazi hii haikuwa na la kufanya.

Alhamisi asubuhi watoto walianza kupiga kelele ufukweni. Meli imeonekana! Jikoni, Mama Kelera alikuwa anafunga magimbi ya kuchemsha kwenye majani. Mkeka wa mgonjwa ulishakunjwa mlangoni.

"Nitamwimbia mwenyewe," Mama alisema, kama anayezungumza na chungu. "Sina sauti, na nyimbo nyingine sizijui vizuri. Ataniona naharibu maneno yake na hawezi hata kunisahihisha."

Hapo Taraivini hakuweza tena.

"Mama, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Niliweka programu zote zile. Mimi na Semi. Mchezo wa magari niliufuta mimi, Mwalimu alipokuwa anakuja. Jana kilimani nilidanganya. Na mara ya pili nikaficha tena."

Mama Kelera alibaki ameshika jani la mgomba. Taraivini alingoja kofi. Halikuja. Mama aliliweka jani chini, akafuta mikono kwenye nguo, akasema neno moja tu:

"Kimbia."

Mwalimu Unaisi alimsikiliza Taraivini akiwa amesimama. Uso wake haukukunjamana. Ulichoka tu, kama uso wa mtu aliyepewa habari ya msiba. "Flashi ya mchezo iko wapi?" aliuliza.

Semi alipoitwa alianza kukana. "Flashi gani? Mimi sina flashi. Huyu binti wa mjomba anaota mchana."

"Semi," Taraivini alimwambia, "nimeshasema yote. Na ni babu yako pia."

Kijana akainamisha kichwa, akakwaruza sakafu kwa kidole cha mguu. Halafu akatoka mbio, akarudi na flashi mkononi. "Umenichoma," alimnong'oneza.

"Tumechomeka wote," Taraivini akajibu.

Mama Kelera alikuwa ameshapanda kilima. Mjomba Ilaitia alipousikia ukweli hakuchukua hata dakika moja. Mama akamtuma mtoto wa jirani ateremke na jibu, naye akalileta akilirudiarudia njia nzima asilisahau: rudisheni mchezo ulipokuwa, kisha muutoe kwa taratibu, kwenye yale majina.

Mwalimu akaurudisha mchezo. Ukauliza, tafadhali, turuhusu tujiweke kwenye orodha yako? Mwalimu Unaisi alimtazama Taraivini kwa jicho la pembeni, akabofya ndiyo kwa mara ya mwisho. Jina la mchezo likajitokeza miongoni mwa majina. Akaliambia liondoke. Mashine ikafikiri, ikafikiri, hatimaye jina likatoweka. Nje honi ya meli ikalia, na boti la kuwapeleka abiria lilikuwa limeshavutwa majini.

"Bofya wewe," Mwalimu alisema, akamwachia Taraivini kipanya.

Taraivini aliketi. Aliuweka mshale juu ya wimbo wa kwanza, akabofya kulia mara moja tu, akaondoa kidole. Orodha ikafunguka papo hapo. Fupi, safi, haina kigari. Fungua. Nakili. Akachagua nyimbo zote ishirini na mbili, akanakili, akafungua flashi, akabandika. Kistari cha kijani kikatambaa kama jongoo. Semi alikuwa mlangoni, mguu mmoja nje, na kistari kilipofika mwisho aliinyakua flashi akapotea. Alifika ufukweni mama yake Taraivini akiwa ameshaingia botini, akatembea majini hadi kifuani akiishika flashi juu ya kichwa.

Taraivini alitazama meli ikiondoka. Kisha akavua uzi shingoni, akaupeleka mezani kwa Mwalimu pamoja na ufunguo. Mwalimu aliupokea, akauweka kwenye droo, akaifunga.

Jioni ile Baba Viliame alivaa shati lake la kanisani, akachukua fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, akamwambia Taraivini amfuate. Semi na baba yake walikuwa njiani tayari. Wote wanne wakaketi chini mkekani mbele ya Mwalimu Unaisi, vichwa vimeinama, na Baba akaisogeza mizizi mbele yake.

"Watoto wetu wameivunja imani yako," alisema. "Kosa la mtoto ni la nyumba. Tumekuja kuomba radhi."

Taraivini hakuwahi kumwona baba yake ameinama namna ile kwa ajili ya mtu yeyote. Mwalimu Unaisi aliigusa mizizi, akaipokea, akapiga makofi ya taratibu kama ilivyo ada. Radhi ikawa imekubaliwa. Lakini ufunguo hakuutaja, wala hakuna aliyethubutu kuuliza.

Jumapili, baada ya ibada, kijiji kizima kilikuwa kilimani. Mama Kelera alisikika kwa mbali kutoka Suva.

"Wimbo wa kwanza hakufanya kitu," alisema. "Wa pili, hakuna. Nikaanza kukata tamaa. Tulipofika wa tisa, ule wa mikuki, nikaona midomo inacheza. Akaimba mistari miwili! Maneno yamepinda kidogo, lakini ni yeye. Halafu akanikasirikia, akanionyesha kwa mkono kwamba napiga makofi nje ya mdundo!"

Watu walicheka, wengine wakalia. Baba Viliame aligeuka upande wa miti. Taraivini hakucheka wala hakulia. Alijisogeza hadi alipokuwa Mwalimu Unaisi.

"Mwalimu, ule wimbo mmoja hautarudi?"

"Hautarudi," Mwalimu akasema. "Nisikudanganye. Tutamwomba Babu auimbe tena akipona, lakini hautakuwa ule."

Alimshika bega, wakateremka pamoja polepole kwa sababu ya magoti yake.

"Sikia, Taraivini. Kuwa mpole kwa wanaokuomba ni malezi mema, wala usiyaache. Ila mashine si jirani yako. Haina njaa, haina mgonjwa nyumbani. Ikikuomba jambo usilolielewa, ikatalie, haitanuna, kisha uje uulize mkubwa. Hilo ulilikosea kwa kutojua, na kwa kutojua mtoto husamehewa siku hiyo hiyo. Lililotugharimu ni lile la pili. Ulipoulizwa kilimani ukasema hapana, sote tulitapatapa gizani siku nzima, na mwanga unao wewe. Kosa lisemwe likiwa bado dogo, mwanangu. Dogo hilo mtu mmoja hulibeba. Ukilificha, litakua mpaka walibebe wasiokosa."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Sawa. Kesho asubuhi, kabla ya mtihani wa darasa la nane, nitachapa karatasi. Njoo mapema unishikie karatasi, na umlete huyo mtani wako. Mtakaa mbele yangu, nikiwaona."